Panya wa gazetini: Nani anataka afe?

Leo naomba tuachane kidogo na mambo ya nani kamwacha nani na nani kaonekana na nani usiku wa Jumamosi. Leo tuongee habari za panya. Najua umeshakunja uso. Tulia kwanza, mwanangu, hii ishu ni tamu kuliko unavyofikiria.

Kwetu ni Malindi. Nikisema hivyo kijiweni hapa Dar, kila mtu ananiuliza habari za bahari, pweza na Wataliano. Jamani, hiyo ni Malindi ya Kenya! Malindi yangu mimi ni ya milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Pweza hakuna. Kuna ukungu, viazi, kabichi, karoti, na baridi ya mwezi wa saba inayomfanya kijana wa mjini avae sweta mbili na bado ajute kuja. Ukitoka Mombo unapanda Soni, unapita Lushoto mjini, unauacha msitu wa Magamba, ndipo unaanza kunusa kwetu.

Juni 2023 nilikwenda nyumbani kumsalimia bibi. Nashuka kwenye gari asubuhi, ukungu bado haujapanda, nakuta watu wamejazana kwenye ukuta wa stoo moja kuukuu, karibu na pale malori yanapopakia mizigo. Nikadhani kuna tangazo la ajira. Nikajipenyeza kwa kiwiko kama tunavyofanya kwenye daladala. Kumbe panya!

Panya mwenyewe kachorwa kwa mkaa, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kavaa kofia, kalamu kaichomeka sikioni, kakaa kwa raha zake juu ya gunia la viazi lililofungwa lumbesa. Chini yake yameandikwa maneno matatu tu: "Kichwa cha nani?"

Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikamwamkia mzee mmoja shikamoo, akaniitikia, halafu akaniambia huku anafuta machozi: "Mjukuu wangu, viazi nimeuza tangu sijaoa. Hilo swali sijawahi kuliuliza."

Kwa wale ambao viazi mnavijua vikiwa chipsi tu, nifafanue. Gunia la kawaida likijaa linafungwa, basi. Lumbesa haifungwi. Mdomoni linashonewa kipande cha wavu au cha gunia jingine, viazi vinaendelea kupangwa juu kwa juu, mpaka gunia linaota kichwa. Mkulima analipwa gunia moja. Kile kichwa kinapanda lori bure, kikifika mjini kinauzwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka mazao yasifungashwe kwa uzito unaozidi kilo 100. Lakini sheria iko kwenye karatasi na gunia liko shambani, na mvua inakuja, na viazi vinaoza. Mkulima atafanyaje? Anafunga lumbesa na kumeza mate.

Sasa panya kauliza. Kile kichwa ni cha nani?

Kufika saa nne wakubwa wakawa wameshapata habari. Na hapo ndipo utamu ulipoanza. Kumbuka mchoro haukuwa na jina la mtu. Lakini dalali mmoja alikuja juu: "Huyu panya ni mimi! Nani mwingine hapa anavaa kofia ya namna hii?" Hajamaliza, mwenye lori naye akasema hapana, yule ni yeye, maana kalamu ya sikioni ni yake, kila mtu anajua. Akaja wa tatu, mtu mwenye sauti kubwa pale sokoni, akasema hao wote wanajidanganya, aliyelengwa ni yeye, na aliyechora atafutwe kabla jua halijazama.

Waliokuwa wanacheka wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka ana shughuli. Yule mzee wangu akanisogelea sikioni: "Panya hajamtaja mtu. Wenyewe wamejipanga foleni."

KIPANYA NA BABU ZAKE

Aliyechora nilimjua papo hapo. Ni mshikaji wangu, tumekaa dawati moja shule ya msingi. Kamaliza kidato cha nne kama mimi, matokeo yakawa yale ya kusema "Mungu yupo", mimi nikakimbilia mjini na kalamu, yeye akabaki na jembe la mama yake. Kuchora hakufundishwa na mtu. Chumba alicholala utotoni kilikuwa kimebandikwa magazeti ukutani kuzuia upepo. Kila alfajiri akifungua macho anayekutana naye wa kwanza ni Kipanya.

Kipanya humjui? Basi wewe gazeti unasoma michezo tu. Huyu ni panya wa katuni aliyechorwa na Ali Masoud, ambaye wengine mnamjua kwa sauti yake ya Clouds FM na wengine kwa kipindi cha televisheni cha Maisha Plus. Wasomaji wengi tumemzoea kwenye gazeti la Mwananchi. Ni panya mdogo anayesimama wima kama mtu, anaona mambo ya wakubwa, anatupa neno lake, basi. Kumbe neno hilo ndilo linalobebwa mpaka kijiweni.

Na cheki maajabu haya: panya kammeza aliyemchora. Leo ukimuulizia Ali Masoud mtaani wengi watakutolea macho. Ukisema Masoud Kipanya, kila mtu anamjua. Hata mwaka 2022 alipozindua gari la umeme la kampuni yake ya Kaypee Motors, watu hawakusema Ali katengeneza gari. Walisema Kipanya katengeneza gari!

Lakini Kipanya hakuzuka tu kama uyoga. Ana babu zake. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, gazeti la Uhuru lilianza kumtoa Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo usitegemee kwamba mtu angeamka tu na kumsema mkubwa. Lakini Chakubanga akawa anasema ya mtaani: ulevi, ujanja wa mjini, watu wanaohubiri hivi na kuishi vile. Wapo wazee ambao hadi leo katuni yoyote wanaiita chakubanga.

Mwishoni mwa miaka ya 70 likaja Sani. Jina lenyewe ni la waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: Sa na Ni. Humo ndimo wazazi wetu walimokutana na kina Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na Ndumilakuwili. Huyo wa mwisho mwangalie vizuri. Ni mtu, lakini jina lake ni la nyoka, yule anayesemwa kwamba ana kichwa mbele na kichwa nyuma, anauma huku na huku. Ukishampa mtu jina la nyoka huna haja ya kueleza tabia yake. Msomaji kashamaliza.

Ilipofika 1992 vyama vingi vikarudi, magazeti ya watu binafsi yakafumuka kama mahindi ya bisi, na kila gazeti likataka katuni yake. Hapo mchoraji akapata uwanja mpana zaidi, na wanyama wakapata kazi.

KWA NINI PANYA NA SI SIMBA?

Swali zuri. Mchoraji angeweza kuchora simba, angependeza zaidi. Lakini simba akisema ukweli kuna ajabu gani? Ana meno. Atamwogopa nani?

Panya hana cheo. Angalia Kiswahili chenyewe kinavyomdharau. Njia ya magendo tunaiita njia ya panya. Vijana waliokuwa wanavamia watu mitaani Dar es Salaam wakaitwa Panya Road. Mtu akikusifia usoni huku anakuharibia nyuma, tunasema anang'ata na kupuliza, ujuzi wa panya huo. Bosi akisafiri na ofisi ikageuka uwanja wa mpira, tunasema paka akiondoka panya hutawala. Yaani panya ni mwizi, ni mchafu, ni mdogo, na nyumbani hakualikwa na mtu.

Lakini mwenyewe anaishi ndani. Anajua unga umebaki kiasi gani. Anajua baba karudi saa ngapi na mama kaficha nini chini ya godoro. Hapangi chumba, halipi kodi, haombi kazi, kwa hiyo hana wa kumfukuza kazi. Hebu niambie, shahidi bora kuliko huyo utampata wapi?

Ndiyo siri ya kwanza ya Kipanya. Akitoa siri ya nyumba, mwenye nyumba anabaki njia panda. Akinyamaza, siri imeshatoka. Akifoka, amekiri kwamba anabishana na panya. Wazee walijua zamani kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Panya wa katuni anapita tu karibu na kovu, hata hagusi. Anayeruka ndiye mwenye nalo.

Hata wenzetu wa nje wanalijua hili. Mmarekani Art Spiegelman alitaka kusimulia yaliyomkuta baba yake mikononi mwa Wanazi, akawachora Wayahudi kama panya na Wajerumani kama paka. Kitabu chake, Maus, kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Kwa hiyo usije ukadhani panya wa katuni ni mambo ya watoto wa Mickey Mouse tu.

KWETU PANYA SI MZAHA

Sasa nirudi nyumbani. Jioni ile nilimsimulia bibi habari ya panya wa ukutani nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alinyamaza, akasukuma kuni jikoni, akasema: "Mwambie huyo mtoto asichezee panya."

Nyinyi wa Dar hamtaelewa. Lushoto tulipata tauni. Ilianza mwaka 1980, ikawa inarudi na kurudi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa vijiji vya upande wa Mlalo na Mtae. Maelfu ya watu waliugua, mamia wakazikwa. Unavimba mtoki, unachemka homa, usipowahi dawa unakwenda. Tauni inabebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto hana tena mwenyeji, anatafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni yako wewe uliyelala kwenye mkeka.

Bibi akaniambia wakati ule walifundishwa jambo moja ambalo hajalisahau. Ukiona panya wanakimbia ovyo, usiogope sana, ndiyo tabia yao. Ukikuta panya wamekufa wenyewe ndani ya nyumba, bila mtego, bila paka, bila sumu, usiwaguse. Toa taarifa. Maana panya ndiye anayekufa wa kwanza. Baada yake ni zamu ya watu.

Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuja kucheka na panya, sasa nywele zimenisimama.

Maana hiyo ndiyo siri ya pili ya Kipanya, na mimi naona ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Sisi tunahangaika kutafuta katuni ina maana gani, kamsema nani, kofia ni ya nani. Tungeangalia pia upande wa pili: panya mwenyewe yuko hai? Anapiga kelele? Maana nyumba yenye panya anayepiga kelele inakera, ni kweli, lakini angalau unajua kuna hewa. Nyumba ambayo panya wamenyamaza ghafla, hiyo ndiyo ya kuulizia.

BINAMU YAKE WA MAREKANI

Kuna mnyama mwingine wa katuni ambaye habari yake inafanana na hii kwa kinyume, na nikiwasimulia mtaona. Anaitwa Shmoo.

Shmoo alizaliwa Agosti 1948 kwenye katuni ya magazetini iliyoitwa Li'l Abner, ya Mmarekani Al Capp. Huyu bwana alikuwa na umri wa miaka tisa tu alipogongwa na tramu akapoteza mguu, maisha yakamfundisha kucheka kwa jino moja. Katuni yake ilianza 1934 ikaendelea mpaka 1977, ikihusu watu hohehahe wa kijiji cha milimani kiitwacho Dogpatch. Watu wa milimani, sikia hapo! Ndiyo maana mimi wa Usambara nikaipenda.

Shmoo yukoje? Chukua kibuyu cheupe, kiwekee miguu miwili, masharubu na tabasamu. Mikono hana. Anataga mayai, anatoa maziwa, hali chochote. Ukimwangalia kwa njaa anafurahi mpaka anakufa kwa furaha, uweze kumla. Ukimkaanga ana ladha ya kuku, ukimbanika ana ladha ya nyama ya ng'ombe. Macho yake yanafaa kuwa vifungo vya shati, masharubu yake ni vijiti vya kuchokonolea meno. Na wanazaliana kwa kasi, kwa hiyo hawaishi. Kwa kifupi, jamaa aliyekuja na shida zako zote amezimaliza, na hadai hata ahsante.

Kijana Abner alipowakuta bondeni alionywa na mzee mmoja asiwatoe. Mzee akasema viumbe hawa ni hatari kubwa kwa binadamu, si kwa sababu ni wabaya, bali kwa sababu ni wazuri mno. Abner hakusikia. Akawaleta kijijini, kila mtu akashiba.

Na watu walioshiba hawanunui. Wenye maduka ya vyakula wakaanza kulia. Tajiri mmoja wa nyama ya nguruwe humo kwenye katuni, J. Roaringham Fatback, akaona biashara inamfia mikononi. Akafanya nini? Akaajiri kikosi cha wauaji wenye bunduki kwenda kuwamaliza Shmoo wote. Vibuyu vile vikauawa vikiwa vinatabasamu, na watu wa Dogpatch wakarudi kwenye njaa yao na madeni yao. Walibaki wawili tu, dume na jike, waliofichwa.

Marekani nzima ikaanza kubishana. Huyu anawatukana matajiri, wengine wakasema. Hapana, anawatukana wanaopenda vya bure, wengine wakajibu. Kila upande ukaona umesemwa. Kumbuka dalali wetu na kofia yake! Miaka karibu arobaini baadaye, 1986, mwanafalsafa G. A. Cohen alimtumia Shmoo kwenye televisheni ya Uingereza kueleza kwa nini kuna watu wanaoogopa wenzao wasipowahitaji.

Kichekesho chenyewe ni kwamba wafanyabiashara wa kweli hawakumuua Shmoo, walimuuza. Midoli, saa, nguo, vikombe, vyote vikapigwa sura yake. Mnyama aliyebuniwa kuonyesha dunia isiyo na haja ya kununua ndiye akawa bidhaa inayogombewa madukani. Hapo sijui ucheke au ulie.

Sisi wa Usambara tunayo hadithi yetu ya nyama, na inakwenda kinyume na ya Fatback. Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, alipanda milima yetu akiwinda nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mazao. Nyama akawapa watu. Akamuua simba. Wasambaa wakasema huyu ndiye, wakamfanya mfalme, na ndio mwanzo wa ukoo wa Wakilindi, kina Kimweri. Yaani kwetu mtu alipata ufalme kwa kugawa nyama. Kule kwa Shmoo mtu alilinda ufalme wake kwa kuua nyama ya bure. Sasa jiulize, huyo anayepakia kichwa cha gunia lako ni wa ukoo gani, wa Mbegha au wa Fatback?

Mnaona sasa ninakoelekea? Panya wetu anakera, Shmoo anabembeleza. Panya anachukua, Shmoo anatoa. Lakini ukitaka kujua maana ya mnyama yeyote wa katuni, mwangalie mara moja, halafu geuka uangalie nani anataka afe. Huyo ndiye katuni yenyewe.

ALIYECHORA AKAPATA NINI

Mnataka kujua mshikaji wangu aliishia wapi. Kabla jua halijazama hakupatikana mtu, lakini Malindi si Kariakoo, siri haimalizi siku tatu. Mikono yenye mkaa ilishaonekana. Hakupigwa, hakupelekwa popote. Kilichofanyika ni kimyakimya zaidi: yule dalali aliyesema kofia ni yake alipita kwa mama yake mshikaji, akayatazama magunia saba ya viazi yaliyokuwa yameshavunwa yakisubiri lori, akasema mwaka huu hanunui hapo. Akaondoka.

Magunia yakakaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mvua ndogo ikaanza. Mama yake hakumfokea, na mshikaji anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa anaamka usiku, anavichambua viazi kwa taa, anatoa vilivyoanza kuoza, anarudi kulala bila neno.

Usiku wa nne mshikaji akanifuata. "Kaka, niende nikamwombe radhi?"

Mimi mtu wa mjini, mwandishi, mjuaji wa kila kitu, nilikosa jibu. Ningemwambia asiombe, viazi si vyangu. Ningemwambia aombe, ataomba radhi ya nini? Kwa kuuliza? Nikamwambia ukweli: "Sijui, ndugu yangu." Nikaongeza tu kwamba swali lile lilikuwa zuri.

Hakwenda kuomba radhi. Alikwenda Lukozi kwa miguu, akarudi na mnunuzi mwingine, akauza kwa bei ya hasara, magunia matano na nusu badala ya saba. Ukuta wa stoo ukapakwa chokaa siku hiyo hiyo, na yeye akatakiwa achangie hela ya chokaa. Akatoa. Kwa hiyo ukiniuliza kama katuni ilishinda, sitakudanganya: mama mtu alipoteza fedha, na lumbesa bado inafungwa.

Lakini siku ninaondoka, niko juu ya gari nasubiri lijae, vijana wa kupakia walikuwa wanashona kichwa cha gunia la mwanamke mmoja. Watoto waliokuwa wanapita na madaftari wakasimama wakaanza kuimba: "Kichwa cha nani? Kichwa cha naaani?" Wapakiaji wakacheka. Yule dalali mwenye kofia akageuka, akawatazama watoto, akatazama gunia, akatutazama sisi kwenye gari. Akasema kwa hasira: "Hilo lifungeni hapo hapo!" Wakalifunga bapa.

Lilikuwa gunia moja tu, na ni siku hiyo tu. Lakini lile gunia mimi nililiona kwa macho yangu.

PANYA AKINYAMAZA

Oktoba 2024 nilimkumbuka bibi tena. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications, baada ya katuni ya video kuwekwa kwenye kurasa za mtandaoni za gazeti lao la The Citizen. Katuni ile iligusa habari za watu waliopotea na wengine kuuawa. Mamlaka ilisema maudhui yale yanaharibu taswira ya nchi na umoja wa taifa. Siku 30 zikapita. Mimi si mwanasheria, wala safu hii si ya siasa, na mhariri wangu hapa ananitazama kwa jicho la pembeni. Nasema tu kwamba kuna watu hawakuona tofauti ya kelele za panya na ugonjwa wenyewe.

Ukipewa nyumba usimamie, iwe ni soko, ofisi, chama cha wanafunzi au hata familia yako, utakutana na Kipanya wako. Atakuwa mfanyakazi mdogo, au mtoto wa darasa la pili, au mkeo akitania mbele ya wageni. Atasema neno utasikia joto masikioni. Kabla hujashika fagio, hesabu kwanza kilichobaki kwenye gunia. Pengine anakuambia unga umekwisha.

Na wewe unayechora, unayeandika, unayeimba: usidhani kazi hii haina bei. Muulize mama yake mshikaji wangu, magunia saba yaligeuka matano na nusu. Ukilijua hilo, ukaona bado swali lina haki ya kuulizwa, chukua mkaa.

Juzi nimempigia simu bibi. Nimemuuliza habari za nyumbani, kasema baridi imeanza, viazi vimekubali, panya wamejaa darini wanamsumbua usiku kucha, halali.

Nikamwambia: "Pole sana, bibi."

Akacheka. "Waache, mjukuu wangu. Maadamu nawasikia."

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na ukikutana na katuni nzuri ukutani kwenu, usiifute kabla hujaisoma.